Unga Uliozimika Makongolosi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya maji Iringa, mkuu wa maabara alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe ndiye digrii?" Ndiyo, Ndugu Mkuu. "Basi osha chupa." Nikaosha. Kila nilipouliza kwa nini tunapima chumvi tu, alijibu, "Kijana, maswali ungeyamalizia chuoni."

Katikati ya miaka ya sabini nikahamishiwa Mbeya, chini ya mhandisi wa maji, bwana wa haraka zake. Huko nilitengeneza unga wangu: iodidi ya shaba iliyochanganywa na piridini, kimiminika kinachonuka kama samaki aliyeoza. Ndani yake atomi za shaba na iodini hushikana katika vishada, nne kwa nne. Ukiumulika kwa taa ya urujuanimno, ile ya wanajiolojia ya kutafutia madini, unga hung'aa njano. Baadhi ya kemikali za baruti zikiugusa, mng'ao hufifia. Niliupaka kwenye vipande vya karatasi ya kuchujia, basi.

Karibu na Makongolosi, wachimbaji wa dhahabu walikolipua miamba, watu wa kitongoji kimoja walilalamika vichwa kuuma. Maji yaliletwa kutoka mitungi ya majumbani. Karatasi zikafifia.

"Kisima chao kifukiwe," alisema mhandisi.

"Lakini tumepima mitungi, Mhandisi. Kisima nani kakipima?"

"Maji ni maji!"

Kisima kingine hakikuwepo; kulikuwa na kijito cha mbali, na kiangazi hukauka. Nilimsumbua mpaka akakubali nipime kwanza, ila alipakia vibarua na sepetu kwenye Landrova tuliyokwenda nayo.

Nilichota kisimani kwa ndoo ya maabara, nikajifunika blanketi na taa yangu ili kupata giza. Wanawake wakacheka.

"Mganga kaingia kazini!"

"Atatoka na maji huyo, au na jini?"

Karatasi iling'aa. Nikapima tena, ikang'aa. Nikatoka natokwa jasho, nikamuuliza Mama Neema, ambaye maji ya mtungi wake yalikuwa yamezima karatasi, anachotea nini. Akanionyesha mfuko mgumu wa plastiki, ule unaotandikwa ndani ya maboksi ya baruti. Wachimbaji waliwaletea wake zao, hauvuji, haupasuki. Kila nyumba ilikuwa nao. Tukautia maji ya kisima, tukasubiri, nikapima. Giza tupu.

"Haya, kisima kimepona," mhandisi akasema. "Twende."

Mama Neema akayamwaga maji yale, akanikabidhi mfuko. "Nimemwaga, baba. Sasa nichotee nini?"

Nikamgeukia mhandisi. Miaka ile hata sokoni Mwanjelwa, mjini Mbeya, ndoo zilikuwa haba.

"Sisi idara ya maji," akasema, "si idara ya ndoo."

Nikawaachia ndoo zetu mbili. Njia nzima alinigombeza kwa kugawa mali ya serikali.

Sasa nimestaafu, na vijana wa maabara hupenda kuniuliza habari za unga ule. Unga ulimaliza kazi yake asubuhi moja. Ndoo niliziomba kila mkutano, hadi mhandisi akahamishwa. Aliyemfuata akanijibu vilevile. Mara ya mwisho nilipopita kule, kisima kilikuwa wazi, maji safi, na wanawake wamepanga foleni ndefu juani wakipokezana ndoo mbili. Wawili watatu waliochoka kusubiri walikuwa wameshachota kwa mifuko yao, wanarudi nyumbani.