Hotensia ya Chini ya Dirisha Letu

Jumamosi, tarehe kumi na tatu Desemba. Manyunyu tangu alfajiri, na lile joto la Durban ambalo nguo hazikauki hata ukizianika ndani. Upepo hakuna. Nilifungua dirisha nikalifunga tena, kwa sababu kila nikilifungua naiona ile hotensia, na mwaka huu ilikuwa imechanua kuliko mwaka wowote tangu tuhamie hapa. Vichwa vikubwa, vimebebana, vinainama kwa uzito wa maji. Vyote pinki.

Na Gogo alikuwa anarudi siku hiyo.

Gogo ndiye mwenye nyumba. Ni nesi mstaafu, mjane, na mtaa mzima unamwita hivyo, yaani bibi, nasi tukafuata. Nyumba yake ni ya zamani, hapa Berea. Sisi tunakaa chumba cha uani: mimi ninayesuka nywele, mume wangu anayepakia malori kule Clairwood, na binti yetu anayekwenda shule kwa miguu. Mwezi wa sita Gogo alikwenda Johannesburg kwa binti yake kupasuliwa macho. Alipoondoka aliniachia funguo za geti na maneno machache. Hakusema niangalie nyumba. Alisema, "Angalia maua yangu."

Maua yenyewe ni miti mitatu. Kwetu Kongo tunayaita hotensia. Yeye anayaita maua ya Krismasi, kwa sababu huku yanachanua Desemba. Mmoja uko chini ya mparachichi, huo ni wa aina nyingine: kichwa chake ni bapa kama sahani, katikati kuna vitu vidogo kama mtama, na maua meupe yamezunguka pembeni. Miwili iliyobaki ni ndugu. Marehemu mume wake alikata tawi kwenye ua wa hospitali ambako Gogo alikuwa anajifunza unesi, wakati ule anamfuata kumchumbia, na tawi hilo ndilo lililozaa yote miwili. Wa getini alipanda Gogo mwenyewe. Wa chini ya dirisha letu alipanda marehemu. Yote ilikuwa bluu, bluu ya sare ya shule, na kila Krismasi Gogo hukata maua ya dirishani tu, akayapeleka kaburini.

Novemba vichwa vilipoanza kufunguka vilikuwa na ule weupe wa kijani kama kawaida. Nikasubiri bluu. Ikaja rangi kama maziwa yaliyoingiwa na uchafu, nikajisemea bado, itafika. Kila asubuhi nikimpeleka mtoto shule napita getini: bluu. Nikirudi dirishani kwetu: pinki, na leo imezidi jana. Nilikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake ofisini. Sikumwambia mtu. Labda ningesema mapema. Sijui.

Aliyeona wa kwanza ni kijana wa Gogo, yule mwenye duka Pinetown, alipokuja kutazama geyser, lile tangi la maji ya moto. Akasimama mbele ya mti mikono kiunoni. Akaniuliza kwa Kiingereza mti wa baba yake uko wapi. Nikasema ndio huo. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na utani. Akasema mti wa baba yake ni bluu, huu wa pinki unauzwa kwenye vyungu supermarket, basi tumwambie ule wa kweli tumemuuzia nani. Akaupiga picha, akamtumia mama yake.

Nisimwonee. Mtoto wetu alipobanwa na kifua mwaka jana, ni huyo huyo aliyetupeleka hospitali kwa gari lake, na akasubiri nje mpaka tukamaliza. Lakini pia ni yeye anayesema chumba chetu kingefaa wanafunzi, na mwaka huu kuna maneno mengi juu ya wageni, na watu wanaosimama milangoni kuuliza kitambulisho. Chumba tulichokaa kabla ya hiki tuliondoka kwa sababu mwenye nyumba aliogopa majirani. Hakutufukuza, aliomba samahani hata, lakini tulitoka. Kwa hiyo nilipoona ile simu inapiga picha, mimi sikuona ua. Niliona magodoro yetu barabarani, na mtoto ananiuliza kesho anaamkia wapi.

Gogo alipiga simu jioni. Hakugomba. Alisema tu, "Nitakuja nione mwenyewe," akakata. Angegomba ningelala vizuri zaidi.

Mume wangu ana njia yake ya kumaliza mambo. Alisema, "Mama, kata vyote utupe. Sema ni tumbili."

Hapa Berea tumbili wanashuka kila siku, wanakula maua, wanaingia jikoni wanachukua mkate, kila mtu angeamini. Nilitoka na mkasi kweli. Nikakata kichwa kimoja. Halafu nikatazama pale nilipokata, pamenyooka kabisa, nikajiuliza ni tumbili gani huyu mwenye mkasi. Na tumbili nao wana makosa yao ya kutosha, sikuona haki kuwaongezea na hili. Nikarudi ndani na lile ua moja, nikaliweka kwenye glasi.

Jumatano akaja Mkenya mmoja ninayemsuka, dada anayesomea sheria chuo kikuu. Alipoona ua kwenye glasi akalisifu, nami nikajikuta namweleza yote huku nachambua nywele zake. Akatoa simu akasoma, mimi nasuka. Akasema maua haya yana tabia hiyo: udongo ukiwa mchachu, mti unaweza kuvuta madini ya alumini yaliyomo ardhini, na maua yanakuwa bluu. Udongo ukitiwa chokaa, yale madini yanajifunga humo humo, mti hauyapati, maua yanatoka pinki. Meupe hayajali, yanabaki meupe.

"Umetia nini pale, mama?"

Mikono yangu ikasimama kichwani kwake.

Nilikuwa nimetia majivu. Tunapikia mbabula, jiko la makaa, pale nje karibu na dirisha, na kwetu majivu hayatupwi, yanawekwa kwenye maharagwe na lengalenga, yaani mchicha, yanafukuza wadudu na mboga inanenepa. Gogo aliponiambia niangalie maua, mti wa marehemu ndio niliupa majivu mengi, mara kwa mara, kwa upendo. Wa getini ulikuwa mbali na jiko. Haukupata kitu.

Lakini kuna jambo lingine, lazima niliandike pia. Mwezi wa saba kijana wa Gogo alileta fundi kupiga lipu ukuta wetu, na yule fundi alisafishia ndoo na karai zake chini ya mti ule ule. Maji meupe ya simenti yalituama pale. Dada akaniambia basi niseme ni fundi, kwisha. Nikamjibu kwamba simenti sikuiona ikibadilisha rangi, na majivu vilevile sikuyaona. Siwezi kumtwika mtu mzigo nisioupima.

Akacheka, akasema ningekuwa shahidi mbaya sana. Halafu akasema jambo ambalo mimi na primaire yangu, shule ya msingi tu, sikulifikiria. "Kijana hasemi umebadilisha rangi. Anasema umebadilisha mti. Hiyo ya udongo haikuokoi kama huwezi kuonyesha mti ni ule ule."

Nilimuuliza kama iko njia ya kurudisha bluu kabla ya Jumamosi. Akasema hakuna, ua likishafunguka ndiyo hivyo, na udongo unachukua mwaka na zaidi. Watu wanamwaga majani ya chai yaliyotumika, hana uhakika kama yanasaidia.

Alipoondoka nikachukua lile ua nikaenda getini, nikaomba ua moja la bluu kwa mti, kwa sauti, kama mjinga. Nikayalaza pamoja mezani. Rangi mbali, lakini kila jani la ua, kote kuwili, lilikuwa na meno madogo pembeni kama kisu cha mkate. Nikaenda supermarket nikatazama vile vyungu: maua yake ni mviringo laini, hayana meno hata moja, na shina ni fupi. Nikafurahi mpaka kufika kwenye robot, zile taa za barabarani. Taa ikawa nyekundu, nikasimama nikafikiri, je, kama ziko hotensia nyingine nyingi zenye meno, ambazo mimi sijaziona? Miti yenyewe nimeona mingapi maishani? Nikarudi nyumbani na hofu yangu nzima.

Basi Jumamosi gari likaingia mchana, manyunyu bado. Kijana alimfungulia mama yake mlango, akamshikia mwavuli. Gogo alikuwa na miwani myeusi. Hakuingia ndani. Alikuja moja kwa moja uani, akavua miwani, akatazama. Na mimi nilifikiria kitu cha ajabu: macho mapya, na hiki ndicho kitu cha kwanza anaonyeshwa hapa kwake.

Nilikuwa nimeshika maua yangu mawili, mkasi mfukoni, nimejiandaa kueleza meno. Hakuniangalia. Aliinama taratibu, akapitisha mkono chini, kwenye majani yaliyolowa, akapapasa shina. Kijana akasema, "Ma, utalowa." Gogo akaendelea kupapasa. Halafu mkono ukasimama.

"Njoo uone," akamwambia mwanawe.

Kulikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli, cheusi, kimefungwa shinani, na mti umenenepa ukakimeza nusu. Nimeishi na mti ule nisikione. Gogo akasema, "Baba yako alifunga hii siku upepo ulipoupasua. Wewe ulikuwa unatambaa."

Kisha akanigeukia mimi. "Mntanami, umeweka nini hapa?"

Mntanami maana yake mwanangu, lakini nesi anaweza kukuita mwanangu huku ameshika sindano. Nilimwona kijana pembeni, na nilijua nikitaja fundi namtaja yeye, na yeye ndiye anayeweza kututoa. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu: majivu, ni mimi, kwetu ni chakula cha mmea. Na fundi wa ukuta alioshea vyombo vyake hapa. Kipi kimefanya sijui, labda vyote viwili.

Kijana akatazama ukuta. Akasema, "Ni kweli, alioshea hapo. Nilimwona." Nimeandika hili kwa sababu angeweza kunyamaza.

Gogo akanyoosha mkono, nikampa mkasi. Akakata vichwa vitatu vya pinki, akavikung'uta maji. "Mzee atadhani nimepata mchumba mwingine, nimemletea maua yake," akasema, na kijana akacheka licha ya yeye mwenyewe. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nasubiri. Akavaa miwani yake akaanza kuondoka, halafu akageuka.

"Majivu basi, usiweke tena. Na mtakaa hapa mpaka niione bluu tena."

Mume wangu aliporudi kazini nilimsimulia. Akapiga makofi, akasema si unaona, amesema tukae. Nikamwambia amesema mpaka. Akaniambia mimi hata peponi nitauliza mkataba. Labda ana haki. Lakini tangu Novemba niliogopa mti hautakuwa bluu, na sasa naogopa bluu isirudi, naogopa pia irudi upesi tukaambiwa tutoke, na sijui nimwombe Mungu ipi.

Majivu ya leo nimeyafunga kwenye plastiki, yamekwenda na takataka. Jioni tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, na samaki wa kopo. Baadaye tulikunywa chai. Majani yake bado yako kwenye chujio. Sijaamua pa kuyamwaga.