Mwalimu Utando na Maji ya Betri

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mwalimu Utando, na likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikahama kichwani, na katika miaka yote hiyo somo alilolipenda lilikuwa moja tu: jinsi vitu vinavyopita kwenye utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli ya mwili. Siku ya somo hilo alivaa tai.

"Osmosisi," alisema huku ametazama dari, kana kwamba imeandikwa huko, "ni mwendo wa maji kupitia utando, kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi, pasipo seli kutumia nguvu yoyote. Andikeni."

Wanafunzi waliandika. Aliyeuliza kwa nini, aliambiwa aandike tena.

Jaribio alikuwa nalo moja. Alichukua chupa ya manukato ya mkewe, akapuliza mara mbili mbele ya darasa, akasubiri wa nyuma wapige chafya. "Mmeona? Manukato yametoka penye wingi, yamekwenda penye uchache. Yamesafiri bila nauli!" Mzaha huo aliurudia kila mwaka na kila mwaka aliucheka yeye mwenyewe. Mkewe, ambaye ni mshonaji na hana muda wa kucheka ovyo, kila mwaka alinunua chupa nyingine.

Alipostaafu, walimu wenzake walimpigia makofi marefu, wengine kwa furaha ambayo hawakuificha vizuri. Akarudi nyumbani, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Nyumba yao ina chumba cha mbele ambamo mkewe anashonea, chenye cherehani mbili, kioo kirefu na kochi la wateja. Mwalimu alilivamia kochi. Mteja akija kupimwa gauni, alihutubiwa kuhusu tezi za jasho.

"Mwalimu," mkewe alimwambia, pini zikiwa mdomoni, "huyu amekuja kupimwa kiuno. Hakuja kufanya mtihani."

"Elimu haina chumba, mke wangu."

"Lakini mimi nina chumba. Hiki hapa."

Siku moja mteja mmoja, muuza maua wa sokoni, alilalamika kwamba kila jioni kichwa kinamgonga. Mwalimu akamuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mama wa watu akasema glasi mbili, pengine tatu.

"Ndiyo maana!" Mwalimu alisimama. "Seli zako zina kiu! Zinakulilia usiku na mchana na wewe huzisikii!"

Muuza maua akaenda akanywa maji, kichwa kikatulia, kama ambavyo kingetulia kwa mtu yeyote anayeshinda juani bila kunywa. Lakini alirudi na sifa, na shoga yake, na shemeji wa shoga yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na Mwalimu alisifiwa sana. Haukupita muda mrefu, kila Jumamosi alasiri uani pake pakajaa watu na viti vya kuazima. Kikundi akakiita Darasa la Seli. Tai ikatoka tena kabatini.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kumeza. Chumvi ni adui. Maji ni rafiki, na rafiki hachoshi. Tena yasiwe maji yoyote tu, bali yale yaliyochemshwa na mvuke wake ukakusanywa, yasiyo na chembe ya chumvi, ili yaingie kwenye seli bila kizuizi.

"Tukinywa mengi mno je?" aliuliza kinyozi wa jirani, mtu mwenye heshima na woga.

"Huwezi kunywa mengi mno. Utando una akili. Unaingiza unachotaka, unafukuza usichotaka. Wewe kunywa, kazi nyingine uachie utando."

Kinyozi akamwamini. Wiki hiyohiyo alikimbilia chooni mara tatu akiwa anamnyoa bwana harusi mtarajiwa, na mara ya tatu alichelewa kiasi kwamba kijana wa watu aliondoka kwa hasira, ndevu upande mmoja zipo na upande mwingine hazipo. Mwalimu aliposimuliwa alisema hiyo ni dalili njema: uchafu unatoka.

Nyumbani chumvi ilipigwa marufuku. Mkewe hakubishana, alificha pakiti ndani ya kopo la vifungo, akawa anajitilia kwenye sahani yake kila mume akiinama. Mwalimu alikula vyakula vyake vikiwa chapwa, akisema kwamba sasa ndipo anapoonja ladha ya kweli ya vitu. Akakonda. Akasema anang'aa.

Maji ya kuchemsha yalipomshinda kwa wingi, alianza kuyanunua kwa madumu. Kaka wa mkewe, fundi umeme, alipita siku moja akayakuta yamepangwa barazani. Akainama, akasoma maandishi ubavuni.

"Shemeji, haya si maji ya betri?"

"Ni maji matupu yasiyo na chumvi."

"Ndiyo. Ya betri. Mimi huyatia kwenye betri."

"Betri nayo imenufaika," Mwalimu alimjibu. "Wewe mambo ya nyaya unayajua, shemeji. Mambo ya seli tuachie wenyewe."

"Nimesikia mtu anaweza kuumwa kwa maji mengi."

"Maji ni uhai! Ulishawahi kumsikia mtu kafa kwa sababu ya uhai?"

Fundi umeme akamtazama dada yake. Dada yake akaendelea kukanyaga cherehani, ila kwa nguvu zaidi kidogo kuliko gauni lilivyohitaji.

Ikaja siku ya michezo ya ile shule ya zamani. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyejua kukataa, alikubali Darasa la Seli lifanye matembezi ya kuzunguka uwanja kabla ya mbio za wanafunzi. Jua siku hiyo lilikuwa kali, vumbi la uwanja linapanda mpaka magotini. Mwalimu Utando aliweka meza kwenye mstari wa goli, juu yake majagi, chini yake madumu. Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mzunguko mmoja atakunywa jagi zima, na hatasimama mpaka madumu yaishe, ili watu waone kwa macho yao nguvu ya maji safi.

Wenzake walianza naye. Muuza maua alijitoa mapema, akakaa kivulini akila karanga za chumvi kwa siri. Kinyozi alivumilia kidogo, kisha akakimbilia upande wa vyoo na hakurudi. Mwalimu aliendelea peke yake. Shati limemganda mgongoni kwa jasho, na jasho, kama alivyowasomea imla vizazi na vizazi, hutoka na chumvi. Ile kidogo aliyobaki nayo ilikuwa inamtiririka mashavuni.

Alipofika mezani mara nyingine, alishika kichwa.

"Kinauma?" mkewe aliuliza, akiwa amemkinga kwa mwavuli.

"Seli zinashangilia."

"Rangi yako siipendi. Twende nyumbani."

Akanywa. Akazunguka tena, safari hii kwa mstari uliopinda, akapita katikati ya timu ya kuvuta kamba bila kuiona. Aliporudi alimwamkia mwalimu mkuu kwa jina la marehemu mama yake, akamwomba ruhusa ya kwenda kucheza. Kisha akashika kipaza sauti, akaanza kueleza osmosisi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yakamchanganyikia: chumvi ikatangulia, maji yakapotea, utando ukawa na miguu. Akatapika golini. Akaanguka, mikono na miguu ikaanza kutikisika.

Darasa la Seli likapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Nyamazeni nyie!" mkewe alipiga ukelele, mwavuli umeruka huko. "Mtu anakufa, mnashangilia?"

Fundi umeme, aliyekuwa anafunga spika za uwanja, aliacha nyaya zikining'inia, akambeba shemeji yake begani na kumlaza nyuma ya gari lake la kazi, katikati ya mabomba na ngazi. Dada yake alipanda humohumo, akamgeuza mumewe kwa ubavu, akamshikilia kichwa kisigonge chuma mpaka wakafika hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini.

"Amekunywa nini?"

"Maji," mkewe akasema.

"Na nini?"

"Maji."

"Mama, usinifiche. Pombe? Dawa? Sumu?"

"Mwanangu, ningekuwa na cha kuficha ningefurahi. Ni maji. Ya betri."

Damu ilipimwa, na chumvi iliyokutwa humo ilikuwa chini sana. Daktari alitoa amri, wauguzi wakatundika chupa ndogo ya maji ya chumvi kali, yakaanza kumwingia mgonjwa mshipani polepole. Ndipo daktari akawaeleza wale ndugu wawili waliosimama ukutani kama watuhumiwa.

"Maji hayasukumwi na mtu kuingia kwenye seli. Yanakwenda yenyewe upande wenye chumvi nyingi, mpaka pande zote mbili zilingane. Mzee amekunywa kupita uwezo wa figo zake kuyatoa, chumvi nayo imemtoka kwa jasho. Damu yake imekuwa nyepesi. Ndani ya seli bado chumvi ipo. Kwa hiyo maji yameingia ndani, seli zikavimba. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, utavimbia wapi?"

"Kwa nini msimtie chumvi yote sasa hivi?" aliuliza fundi umeme. "Tumalize."

"Tukiharakisha, maji yatatoka kwenye seli za ubongo kwa kasi, na hilo nalo linaweza kumwacha kilema. Tumemtia kiasi cha kuzuia degedege. Kinachobaki ni taratibu."

Mkewe alikaa kwenye benchi. Alitazama matone yakishuka kwenye mrija, moja baada ya jingine. "Chumvi," alisema. "Jikoni kwangu nimekula chumvi kama mwizi." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na kaka yake akamfunika mabega kwa koti lenye harufu ya gundi.

Mwalimu alizinduka kesho yake. Alipopata nguvu za kukaa, jambo la kwanza alilolifanya ni kubishana.

"Binti, utando wa seli una uwezo wa kuchagua. Hilo limethibitishwa."

"Kwa vitu vingine, ndiyo," daktari alimjibu. "Chumvi, sukari, hivyo vina milango yake. Maji yana milango karibu kila mahali. Hayaombi ruhusa, na hakuna wa kuyaambia basi, inatosha. Hebu niambie, mzee, osmosisi ni nini?"

Mwalimu alijiweka sawa kitandani, akatazama dari, akaitoa yote, neno kwa neno, bila kukosea.

"Sahihi kabisa," daktari alisema. "Hivyo ndivyo ulivyokaribia kufa."

Akaondoka na faili lake. Mwalimu akabaki ametazama dari, lakini safari hii haikuonekana kuwa na maandishi.

Alirudi nyumbani mnyonge. Kwa wiki kadhaa alikaa uani kimya, akala alichopewa, akanywa akisikia kiu tu. Mkewe aliwaambia wateja kwamba tangu waoane hajapata kuishi na mwanamume mwenye adabu kama huyo. Jioni moja alimkuta ameketi mezani na vibakuli viwili: kimoja cha maji matupu, kingine cha maji ya chumvi, ndani ya kila kimoja vipande vya kiazi kibichi. Alikuwa anavitoa, anavibonyeza, anavirudisha. Vile vya maji matupu vilikuwa vimekakamaa. Vya chumvi vimelegea kama ulimi.

"Vinafanya kweli," alisema kwa mshangao. Hilo ndilo jaribio alilowasomea wanafunzi imla maisha yake yote, na hakuwahi kulifanya.

"Vizuri," mkewe akasema. "Sasa toa hivyo viazi vyangu."

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mtangazaji wa redio alizipata habari za mtu aliyeponea chupuchupu kufa kwa maji, akaja na kinasa sauti. Mwalimu Utando akamwomba amsubiri avae tai.

Kusema haki, alizungumza vizuri. Safari hii hakusoma imla. Alieleza jinsi maji yanavyoifuata chumvi, jinsi seli inavyovimba, kwa nini mtu anayetoka jasho jingi asijijaze maji matupu, na sauti yake ilitetemeka kidogo alipofika kwenye fuvu. Hata kinyozi, aliyesikiliza huku ananyoa, alisema leo ndipo ameelewa. Muuza maua alipiga simu kuuliza Darasa litaanza lini tena, maana sasa lina mwalimu mwenye uzoefu.

Mwishoni mtangazaji alimuuliza, "Na nani hasa aliyeokoa maisha yako, Mwalimu?"

Redioni akasikika akisafisha koo, kama mtu anayetafuta neno linalomfaa.

"Elimu," Mwalimu akasema.

Katika chumba cha mbele mkewe aliizima redio, akamgeukia mteja, akamwambia ainue mikono apimwe kifua.