Avokado ya Bibi Harusi

Tulikuwa tunakaa Ziwani, Nairobi, miaka ya tisini, na msichana wangu wa kwanza alikuwa anaolewa Jumamosi. Akaniletea kamkebe ka krimu kamechorwa avokado.

"Mum, ni natural. Ni avokado tu, hakuna dawa. Nataka uso ing'are siku ya harusi."

"Kama ni avokado tu, paka kwa mkate tule na chai."

Dadake akacheka. Bibi harusi kwa kiburi akalamba hiyo krimu, halafu akakimbia kutema nje.

"Inachoma, Mum."

"Na hiyo ni ulimi. Uso ndio itapigwa picha."

Basi Jumamosi asubuhi nikampaka avokado yenyewe, ya soko la Gikomba. Uso iling'ara kweli. Lakini angalia hiyo picha ya harusi vizuri, hapo kijani nyuma ya sikio. Nilisahau kupanguza.