Msimu wa Konyeza Kipini

Harufu ya konyeza waliooza juani haifanani na shombo la samaki. Ni nzito, ya chumvi na ute, na humkaa mtu kooni. Msimu mmoja wa miaka ya hamsini harufu hiyo iliingia hadi vyumbani mwetu Kipini. Kila asubuhi ufuo ulijaa viumbe hao laini, weupe kama uji wa wanga, nasi watoto tulikatazwa kuwagusa kwa sababu waliwasha kama moto. Baba yangu, mvuvi, alirudi na nyavu zilizojaa konyeza, nzito hata zikachanika. Samaki wachache waliokuwamo walikuwa wamekufa na kugubikwa na ute, hakuna aliyewataka. Kamba nao, ambao mdomo wa mto haukuwahi kutunyima, walitoweka. Mikono ya baba ilivimba, na chakula chetu kikawa mihogo mitupu.

Mama alikuwa Mpokomo wa Idsowe, binti wa wakulima wa mpunga. Rafiki yake wa pekee pale Kipini alikuwa jirani yetu, Bi Mwanakombo. Walikausha samaki pamoja, wakaenda kuwauza Garsen pamoja, na mimi nilimwita mama mdogo. Kabla ya msimu huo mama alikuwa ameharibikiwa na mimba, akanywa dawa ya mizizi aliyoletewa na bibi kutoka Idsowe, na masalio akayamwaga baharini. Baba alijua yote; ndiye aliyemshikia kikombe. Mtu mwingine aliyeambiwa siri hiyo ni Bi Mwanakombo.

Njaa ilipozidi, watu walianza kuulizana nuksi imetoka wapi. Siku moja wavuvi na wake zao walijaa uani kwetu, Bi Mwanakombo akiwa mbele.

"Alimwaga dawa za kwao baharini," alisema bila kumtazama mama. "Aliniambia kwa kinywa chake."

"Shoga, nimekukosea nini?" mama aliuliza. Akamgeukia baba. "Baba Khadija, waambie ilikuwa dawa ya nini."

Baba aliangalia miguu yake. Nilimngoja aseme, nilimngoja mpaka meno yakaniuma kwa kuyabana. Hatimaye alisema kwa sauti ndogo, "Nenda kwenu kwanza, mama Khadija. Bahari ikitulia nitakuja kuwachukua."

Tulipanda mtumbwi kwenda Idsowe. Upepo ulipogeuka, konyeza waliondoka kama walivyokuja, na samaki wakarudi pole pole. Habari hizo tulizipata kwa wachuuzi. Baba hakuja. Alituma kapu la samaki wakavu, na mama akalirudisha bila kulifungua, ingawa siku hiyo hatukuwa na kitoweo.

Sasa mimi ni mzee, na wajukuu zangu ni wavuvi. Konyeza wakijaa, vijana hukung'uta nyavu, hulalamika, kisha huhamia upande mwingine. Wananieleza kwamba viumbe hao hula mayai ya samaki na vile vidudu ambavyo samaki wachanga huvitegemea, ndiyo maana uvuvi hudorora hata baada ya wao kuondoka. Hawamtafuti mwanamke wa kumlaumu. Mimi hufurahi kuwasikia, na hujiambia kuwa elimu hii ingemfunga mdomo Bi Mwanakombo. Lakini haingemsaidia baba. Yeye hakukosa kujua.