Ng'ombe wa Magunia Kinamasini

Mwalimu wa sanaa alikuwa kajinyoosha kochini, viatu bado miguuni, wifi yake alipoingia na kumuuliza kama yule ng'ombe bado yupo.

"Yupo, aende wapi?" akajibu, macho kafumba.

Ng'ombe huyo alimuunda enzi za ujana wake kwa nyaya, magunia na karatasi zilizolowekwa gundi, mkubwa kuliko ng'ombe wa kweli. Ubavuni alimchorea mtaa mzima: madirisha, paka, watu wamekaa vibarazani. Kwenye maonyesho watu walimsifu, wakapiga naye picha, kisha wakaenda zao, naye akarudishwa nyumbani kukaa uani chini ya turubai. Mume wa mwalimu alizoea kuwaambia wageni kwamba huyo ndiye mwenye nyumba, wao ni wapangaji tu. Miaka ikapita. Shule ikaondoa kipindi cha sanaa, mwalimu akapewa masomo mengine aliyoyafundisha bila hamu, na jioni alirudi hoi, hana hata nguvu ya kukasirika.

Wifi yake alikuwa mtafiti wa ndege. Kinamasi alichokuwa akienda kukichunguza kilikuwa kikikauka mwaka hadi mwaka, naye alitaka kujua ni ndege gani bado wanazaliana. Shida ni kwamba wakimwona mtu wanaruka, ila ng'ombe wamewazoea, wanakula hata miguuni pao. Akaeleza haya yote kwa upole, kama mtu anayeomba figo. Alitaka kujificha ndani ya yule ng'ombe: tumbo litobolewe wakae watu wawili, na ule mtaa ufunikwe kwa rangi ya udongo.

Mwalimu akakubali papo hapo. Jumamosi akachanganya rangi, akaanza kupaka. Alipofika kwenye dirisha ambamo alimchora mama yake akichungulia, akasubiri moyo umuume. Haukuuma. Akapitisha brashi, na huko kutoumia ndiko kulikomkosesha raha siku nzima.

Walikwenda kinamasini wote wawili, ng'ombe kapakiwa kwenye gari la mizigo, maana ng'ombe akivunjika hakuna mwingine wa kumtengeneza. Kulipopambazuka walijikunja tumboni, magoti kwa magoti, katika joto na harufu ya gundi. Wifi alichungulia kwa darubini na kunong'ona, mwalimu akaandika. Ndege wakasogea hadi wakaanza kudonoa kwato. Mmoja alifuatwa na makinda, na wifi akamshika mwenzake mkono. Mwalimu akachungulia, akaona kweli ni wazuri, kisha akasinzia vilevile alivyoketi, kalamu mkononi.

Siku iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Ilipokatika, mgongo wa ng'ombe ulikuwa umebonyea na karatasi zinabanduka vipande vipande. Wifi akasimama matopeni.

"Nisamehe, wifi yangu. Nimekuharibia kazi yako."

"Umepata ulichokifuata?"

"Sehemu kubwa nimepata."

"Basi tumfumue. Tusiwaachie ndege takataka."

Wakafumua mpaka jioni. Mwalimu alikuwa akikunja nyaya za shingo, zile zilizomsumbua sana alipokuwa akiziunda, machozi yakaanza kumtoka taratibu, bila kelele. Hakuyafuta. Wifi akajifanya hajaona, akaendelea kujaza magunia yaliyolowa garini.

Nyumbani mumewe aliuliza ng'ombe yuko wapi. Mwalimu akamwonyesha furushi la nyaya. Mume akatazama ule uwazi uani, akasema pale pangefaa kuwekwa benchi.

"Sawa," akasema mwalimu. "Nichemshie maji ya kuoga kwanza."