Maana ya Kwanza

Jumanne iliyopita, katika treni ya kutoka St Marys, huku ughaibuni, mama mmoja Mkongomani alikuwa akipitisha kidole juu ya kamusi nene ya Kiingereza. Alikuwa akienda Parramatta kufanya mtihani wa lugha kwa mara ya tatu. Asipofaulu, hataruhusiwa kuwa muuguzi, kazi aliyoifanya kwao miaka kumi na miwili.

"Neno moja iko na maana saba, papa," alinieleza. "Mimi nashika ya kwanza tu. Ile ndiyo mzazi, zingine ni watoto yake."

Niliiomba kamusi. Ilikuwa ya historia ya maneno, inayotanguliza maana kongwe, zilizokwisha kufa. Neno "nice", ambalo leo humaanisha "zuri", lilianza na "mpumbavu".

"Umefika herufi gani, mama?"

"Nilimaliza yote! Miaka mbili." Akalipiga jalada kofi la furaha.

Vilibaki vituo vinne. Nilipiga hesabu: ningeweza kumsahihishia maneno yasiyozidi ishirini, yanayotosha kumtia hofu tu. Nikamrudishia kamusi kwa mikono miwili.

Akateremka akitabasamu. Chuo kikuu kilinifundisha mengi. Asubuhi ile kilinifaa kwa moja tu, kujua kabla yake kwamba atarudi mara ya nne.