Maurine wa Dirisha la Ndoa

Kuna watu wanajua kusifu kila mtu akishazeeka, hata aliyekuwa mwiba. Mimi ufundi huo sina. Maurine Stidham nimemtengeneza nywele kila Ijumaa tangu nifungue saluni yangu hapa, mkabala na jengo la mahakama, na kichwa chake nakijua nje na ndani. Nje kuna nywele chache. Ndani kumejaa kiburi.

Yeye ndiye aliyekuwa karani wa dirisha la ndoa katika Kaunti ya Tolliver. Ukitaka kuoa, ulikwenda kwake na mchumba wako, mkainua mkono wa kulia, mkaapa kwamba majina na umri mliotaja ni vya kweli, naye akawapa leseni. Mchungaji akishawafungisha ndoa anaijaza na kuirudisha dirishani, Maurine anaiandika kitabuni, mambo yamekwisha. Kazi ya kugonga mihuri, hakuna zaidi. Lakini mwanamke yule alikaa nyuma ya kile kioo na pua juu, utadhani bila ruhusa yake milima hii yote isingezaa mtoto.

Kila wiki alipeleka gazetini majina ya walioomba leseni, na Alhamisi tukasoma nani anamwoa nani, wana umri gani, wanatoka bonde lipi. Hiyo ni desturi yetu, kwa hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni kwamba Alhamisi ilikuwa mbali mno kwake. Wachumba hawajamaliza kushuka ngazi za mahakama, yeye keshashika simu. Na mtoto akizaliwa mapema kidogo, Maurine alikuwa anakaa hapa kwenye kiti changu anahesabu miezi kwa vidole, anacheka peke yake. Ukimwambia si vizuri, anakujibu kwa sauti ya kanisani, "Hizi ni kumbukumbu za umma, mpenzi. Mimi nani niufiche umma?"

Umma! Mwulize Lanette Fugate kuhusu huo umma. Alikwenda dirishani na kijana wake, kijana mzuri tu, ila kwao Lanette hawakumtaka. Lanette akamwomba, "Bi Maurine, nakusihi, tupe siku hizi mbili tu, Jumamosi mchungaji anatufungisha." Maurine akatabasamu, akawagongea muhuri, akawatakia heri. Kisha akampigia simu mama yake Lanette. Kaka zake Lanette wakamkuta yule kijana kwenye kituo cha mafuta, wakampiga mpaka akahama jimbo, na ile leseni haikurudi dirishani kamwe. Lanette, mimba ikiwa tayari tumboni, akazaa na kumlea mtoto peke yake. Ijumaa ile Maurine alinisimulia mkasa mzima huku ananiambia nisimkaze roli za nywele sana, kichwa kinamuuma.

Sasa, mtu huyu ndiye kaka yangu Hoyt aliyempenda.

Usiniulize kwa nini. Hoyt alikuwa dereva wa lori la gesi, anazunguka milimani kujaza matangi ya watu, na hukumsikia akimsema mtu vibaya. Alimpenda Maurine tangu wakiwa vijana kwenye kwaya. Wakati ule alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, akamposa, na Maurine akaja kututangazia, "Mimi? Niolewe na mtu ananuka magome ya miti?" Hoyt hakuoa mwingine. Mpumbavu wa watu, kaka yangu mpenzi.

Basi Maurine alipokuwa na miaka hamsini na minane, nyumba imemwia kubwa, Hoyt akamposa tena, safari hii ananuka gesi. Akakubali. Ila kwa sharti: mtu yeyote asijue.

"Umeona wapi mwanamke anaona haya kuolewa na wewe," nikamwambia Hoyt, "na wewe unakenua tu?"

"Dada, mwache. Si unajua amewacheka wengi? Anaogopa na wao watamcheka."

"Wamcheke! Wamcheke mpaka wajikojolee!"

"Atazoea tu," akasema. "Mimi sitaki kitu kingine, Oleta. Siku moja aseme mbele za watu, huyu ni mume wangu. Basi, hata mara moja."

Kwa kuwa dirisha la hapa ni lake, wakaendesha gari mpaka kaunti ya tatu, ng'ambo ya mto, ambako gazeti la huko halifiki kwetu. Hoyt alinisimulia baadaye, anacheka mpaka machozi. Karani wa kule ni jimama linatafuna ubani, halina haraka. Maurine akaambiwa ainue mkono, yeye aliyewainulisha watu mikono maisha yake yote, akaulizwa umri.

"Arobaini na tisa."

Jimama likamtazama shingo. Likaacha kutafuna. "Mama, unaapa?"

"Naapa."

"Haya, Mungu akusaidie." Likagonga muhuri.

Kisha Maurine akainama karibu na kioo, sauti imekuwa ya kuku mgonjwa. "Tafadhali, naomba usitutoe gazetini."

Na yule karani, ambaye hata hakumjua, akamjibu, "Hizi ni kumbukumbu za umma, mpenzi wangu."

Nilicheka wiki nzima. Mungu anisamehe, nikilikumbuka hilo nacheka hata leo.

Hakimu wa hukohuko akawafungisha, leseni ikarudishwa na kuandikwa, na Maurine akarudi Tolliver akiwa Maurine Crandall kwa sheria na Maurine Stidham kwa kila mtu. Kila mmoja akabaki nyumbani kwake. Hoyt alikuwa anaacha lori nyuma ya ghala la Maurine, anaingia kwa mlango wa jikoni, mume halali wa ndoa, ananyata kama mwizi wa kuku.

Lakini lori la gesi ni jeupe na kubwa, utalificha wapi? Watu waliong'atwa na Maurine miaka yote hiyo wakapata karamu. "Bi Maurine siku hizi anatumia gesi nyingi!" Kila aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa na lake. Mwishowe wake wa mashemasi wakaamua kwamba mwanamke anayeishi hivyo hafai kupiga piano kanisani, wakamnyang'anya. Na alikuwa na nakala ya cheti chake cha ndoa, imegongwa muhuri! Angewawekea pale juu ya piano, midomo yao ikafumba palepale. Hakuthubutu. Wangeona ile arobaini na tisa. Na wangejua kwamba Maurine wa Dirisha kaolewa na mtu wa gesi. Akaona bora aitwe malaya.

Nilitaka kuwaambia mimi. Hoyt akanikataza. "Aseme mwenyewe, dada. Ukisema wewe haitakuwa na maana kwangu."

Mwaka uliofuata, majira ya pichi, moyo wa Hoyt ukamwangusha akiwa anajaza tangi. Wakamlaza chumba cha mahututi katika hospitali ya mji mkubwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, nimetoka kumwona, Maurine akaingia. Sitamnyima haki yake. Alikuwa amelia, kavaa viatu visivyofanana, yeye ambaye hata kuokota barua mlangoni alipaka rangi ya mdomo kwanza. Nikajisema, leo. Leo atasema.

Na mezani alikuwepo nani? Muuguzi Lanette Fugate.

Wakatazamana. Ningekuwa mimi Lanette, sijui ningefanya nini. Yeye akachukua kalamu, akauliza kwa upole kabisa, "Wanaingia ndugu wa karibu tu, Bi Maurine. Wewe ni nani wake?"

Maurine akafungua kinywa. Hapohapo mlango wa nyuma yake ukafunguka, wakaingia wake wa mashemasi watatu na pai yao ya pichi, wakasimama wanasikiliza, masikio yamewasimama kama ya sungura.

"Mimi," akasema Maurine. Akanitazama. Akawatazama wale na pai yao. "Mimi ni rafiki. Rafiki wa kanisani."

Lanette akangoja. Nakuapia alimpa nafasi ya pili. "Rafiki tu?"

"Ndiyo. Rafiki tu."

"Basi itabidi ukae hapa nje."

Nikainuka kwa hasira mpaka mkoba wangu ukaanguka. Sikusema neno, niliahidi. Nikaingia kwa kaka yangu. Alikuwa amepauka, mikono juu ya shuka, mikono ile mikubwa.

"Nimesikia sauti yake," akasema. "Amekuja?"

"Amekuja."

"Mbona haingii? Amesema yeye ni nani wangu?"

Mimi si mtu wa kuongopa. Lakini nilimshika mkono nikamwambia, "Amesema ni mkeo, Hoyt. Mbele za watu. Wale wake wa mashemasi wote wamesikia. Anajaza karatasi tu, anakuja."

Akatabasamu kama mtoto. "Nilikwambia atazoea," akasema. Alikufa hivyo, anautazama mlango.

Tangazo la kifo nililipeleka gazetini mimi mwenyewe, likatoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi, saa yake ileile, Maurine akaja kutengenezwa nywele kwa ajili ya mazishi. Alikuwa na gazeti mkononi. Akakaa kitini.

"Oleta. Umeandika nini hapa?"

"Si unajua kusoma? Soma."

Akasoma. "Ameacha dada yake, Oleta, na marafiki wa kanisani."

Akalishusha gazeti mapajani.

"Lakini wewe ulijua," akasema. "Wewe ulijua mimi ni nani wake."

"Nilijua," nikamwambia. "Gazetini nimeandika kama ulivyosema mwenyewe." Nikamfunga kitambaa shingoni, nikafungua maji, nikamwinamisha kichwa chini ya bomba.